Unga wa Mwezi Mchanga

Jiko la gesi nililinunua mimi, kwa hiyo lawama zianzie kwangu. Nilikuwa katika mwaka wa pili tangu niajiriwe kufundisha somo la uchumi kwenye sekondari moja ya Tunduma, na kila nikienda Iyula mwisho wa wiki nilimkuta bibi yangu, mama mzaa mama, amejikunja mbele ya mafiga, macho mekundu, anapuliza moto huku anakohoa. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama yangu afariki. Roho ikaniuma. Nikapeleka mtungi, jiko la plati mbili, na fundi wa kuezeka bati jipya mahali pa nyasi. Nikamwambia, haya Bibi, wewe na moshi basi. Alicheka sana siku ile, akawa anawasha na kuzima, anawasha na kuzima, mpaka nikamkaripia kwamba gesi inaisha.

Sikutazama juu. Hilo ndilo linalonikera hadi leo, maana utoto wangu wote niliupitisha nikitazama juu katika jiko lile. Nililala kwenye mkeka pembeni ya moto, na juu ya mafiga kulikuwa na kichanja cha fito ambako mahindi ya mbegu yalining'inia mawili mawili, yamefungwa kwa maganda yake yenyewe, meusi tii kwa masizi. Moshi ulipanda, ukayazunguka taratibu, ukapenya kwenye nyasi, na mimi katika usingizi wa nusunusu niliyaona yakisogea na kunong'onezana, kama wageni waliofika mapema wakaambiwa wangoje. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mibuni. Sikujua ukungu unaishia wapi na moshi unaanzia wapi, na hata sasa nikikumbuka sina hakika kama niliyaona hayo kwa macho au niliota.

Yale hayakuwa mahindi ya kula. Bibi yangu na wanawake wenzake wa pale kitongojini walikuwa na utaratibu wao, ambao sijausikia kwingine. Mwanamke akiishiwa nguvu za jembe, mbegu yake humkabidhi bibi harusi mgeni, aliyeletwa kijijini na ndoa. Bibi harusi huja asubuhi kabla ya mvua za kwanza, anaacha jembe lake mlangoni, anapewa mahindi kumi na mawili, na hasemi asante. Akishavuna, kila mwezi unapoandama anamletea yule mzee beseni la unga, kwa kichwa na kwa miguu, mpaka siku ya kumzika. Naye akizeeka, atampa mbegu hiyohiyo bibi harusi mwingine, ambaye labda leo hajazaliwa. Mtoto wa tumbo hapewi, wala mjukuu. Nilipokuwa mdogo niliuliza kwa nini mimi sitapewa, nikaambiwa nile ugali nilale.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mhadhiri wetu alichora ubaoni watu wawili, kijana na mzee, kisha akawachora tena na tena kuelekea ukutani, kila kijana akigeuka mzee ubavuni mwa kijana mpya. Vizazi vinavyopishana, alisema. Kijana ana chakula ambacho kesho kitaoza. Mzee hana chakula, ila ana kitu mkononi. Kijana anakipokea na kutoa chakula, si kwa wema, bali kwa sababu anaamini kuna kijana mwingine atakayekuja kukipokea kutoka kwake. Mvua inaweza kugoma, watu wanaweza kufa, hakuna anayeijua kesho, lakini wote wakiamini hivyo, kila mtu anatulia mahali pake bila sababu ya kuhama. Hapo ndipo penye msawazo. Nilibaki nimeduwaa kwenye kiti. Wenzangu walikuwa wananakili milinganyo, mimi nanusa moshi.

Kisha akaongeza jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Upo msawazo wa pili, alisema, ambapo hakuna anayemwamini anayekuja nyuma yake, kwa hiyo hakuna anayepokea, na mzee anakufa na kitu chake mkononi. Huo nao umetulia vilevile. Nilinyoosha mkono nikauliza watu wanatokaje kwenye ule wa kwanza wakaingia kwenye huu wa pili. Akasema modeli haisemi. Kengele ikalia, tukaenda kula.

Sasa, bibi yangu alikuwa amekaa miaka tisa bila mtu. Mwanamke wa kwanza aliyempa mbegu alimletea unga kwa uaminifu kabisa, halafu mume wake akapata shamba Mbebe, kule juu Ileje, wakahama. Kwa utaratibu wao unga haupandi gari. Anayehamia mbali zaidi ya mwendo wa kutwa anasamehewa. Mabibi harusi waliofuata walipanda mbegu ya dukani, wakavuna vizuri, wakampita Bibi mlangoni kwa salamu za heshima. Yeye aliendelea kutundika mahindi yake kila mwaka, akiniomba nimpandie mistari miwili nyuma ya nyumba ili mbegu isichakae, na huku akipanda kila shimo la kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Kisha Oktoba ya mwaka ule wa gesi jirani akamwozesha mwanawe wa kiume msichana kutoka bondeni Momba, na msichana akasema anataka mbegu ya kienyeji. Jamani, mngemwona Bibi. Alifagia uwanja mara mbili kwa siku.

Jumapili moja, yeye akiwa ibadani, nilipanda kwenye kichanja ili nimshushie mahindi yake ayapanguse. Nikashika hindi la kwanza, likabonyea. La pili likanimwagikia usoni, unga wa kijivu mtupu. Dumuzi, wale wadudu wa ghala, walikuwa wameyamaliza yote, punje zimebaki maganda, na ndani ya magunzi nilisikia wanatafuna, sauti ndogo sana ya kutafuna. Moshi ndio uliokuwa unawazuia miaka yote, na moshi niliufukuza mimi, kwa mapenzi yangu, na bati langu, na mtungi wangu. Nilikaa chini kwenye sakafu nikahisi nyumba nzima inaelea.

Ningesubiri nimwambie. Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi niliyazika yale magunzi nyuma ya nyumba, nikachukua bodaboda mpaka sokoni Vwawa, nikachagua mahindi kumi na mawili yenye maganda, meupe, marefu kama yale. Sikumuuliza muuzaji yametokana na mbegu gani, kwa kuwa ukiuliza utajibiwa. Nikarudi, nikawasha moto nyuma ya choo, nikayafukiza. Mwalimu mzima, mwenye shahada, nimechuchumaa nyuma ya choo napaka mahindi masizi. Bibi aliporudi akiwa bado anaimba pambio, yalikuwa yananing'inia mahali pake mawili mawili.

Msichana alikuja asubuhi yenye ukungu mzito kiasi kwamba tulisikia jembe likiwekwa mlangoni kabla hatujamwona mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini hivi, mpole, shingo ndefu. Bibi alikaa kwenye kigoda chake, akang'oa punje moja akaitafuna polepole kama desturi inavyotaka, akamtazama msichana, akanitazama mimi, kisha akampa mahindi yote kumi na mawili. Msichana akaingia tena ndani ya ukungu na kikapu kichwani, na mimi nikashusha pumzi nikijiambia yamekwisha.

Februari nilipita kando ya shamba lake. Mvua zilikuwa nzuri, mahindi ya majirani yalisimama sawasawa kama yamepimwa kwa kamba. Ya kwake mengine yalinipita kichwa, mengine yalinifika magotini, haya yametoa mbelewele, yale ndiyo kwanza yanaamka. Nikajua. Yale ya sokoni yalitokana na mbegu chotara ya dukani, ambayo mtoto wake hafanani na mama. Msichana alikuwa katikati ya mistari, anapalilia kwa bidii, hata yale mafupi anayawekea udongo shinani kama anayabembeleza. Nilipitisha mwavuli upande wake ili asinione. Usiku wa wiki zile, Tunduma, nilisikiliza malori yaliyopanga foleni ya mpaka yakinguruma bila kwenda popote, na usingizini niliona shamba lile likipanda ukutani, kijana, mzee, kijana, mzee, kila mmoja ana kimo chake.

Julai mwezi ulipoandama, nilikuwepo Iyula. Msichana akaja na beseni. Unga wenyewe haukufika hata nusu, na ulikuwa na pumba kwa sababu hakutaka kupoteza chochote. Alipiga magoti akaliweka mbele ya Bibi, akaomba radhi kwamba ni kidogo, labda yeye hajui kulima. Bibi alipokea kwa mikono miwili, akamwambia ardhi itamzoea. Nilitoka nje nikashika ukuta. Msichana alipoondoka nilirudi ndani, nikapiga moyo konde, nikamweleza Bibi kila kitu, dumuzi, soko, choo, masizi. Nilitegemea anichape kwa fimbo yake. Ningefurahi.

"Nilijua," akasema. "Nilipoitafuna tu nilijua si yangu. Yangu inapiga jino."

Nikamuuliza kwa nini basi aliitoa.

"Niliogopa. Nikasema, huyu akirudi mikono mitupu, hatakuja mwingine mpaka nife."

Hapo ndipo hasira zangu za karibu zikapanda. Nikamuuliza mimi niko wapi, nani anayemletea sukari, mafuta, huo unga wa gunia, nani aliyeezeka hii nyumba. Nilisema mengi ambayo mtu hamwambii bibi yake. Alingoja nimalize.

"Wewe unaleta kwa kuwa unanipenda," akasema. "Na siku ukichoka?"

Nilitoka nikapiga teke ndoo, ikaviringika mpaka kwenye mibuni, na hata kuifuata sikuifuata.

Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa yule msichana, Bibi ameniegemea begani. Bibi ndiye aliyesema, wala hakunitwisha mimi mzigo wote. Alisema mjukuu wake alikosea, na yeye akadanganya. Msichana alisikiliza akichambua maharage. Bibi alipomaliza, msichana alisema kwa sauti ndogo kwamba mama mkwe alimcheka mbele ya mawifi, akasema wa bondeni wanajua ng'ombe tu, na yeye alilia mwezi mzima akidhani mkono wake una laana. Kisha akaingia ndani, na mlango ukafungwa taratibu. Sikumlaumu hata chembe. Mwezi ukaandama, hakuja. Ukaandama tena. Bibi aliketi uwanjani siku zile mbili kuanzia asubuhi, kitenge kisafi begani, na mimi nikawaza kwamba lile swali langu la chuoni limejibiwa, jibu limeandikwa na mimi mwenyewe.

Septemba nilichukua likizo nikaenda Mbebe. Bodaboda ilipanda vilima saa nzima ndani ya wingu, dereva anauliza njia kwa watu tusiowaona vizuri, wanajibu kwa Kindali, lugha ya huko, na kutoweka. Nilimkuta mwanamke yule aliyehama na mbegu ya Bibi, nywele zimeanza mvi, na nilipoinama kuingia jikoni kwake nilitazama juu. Yalikuwepo. Mawili mawili, meusi, moshi unayazunguka, na kwa dakika nzima sikujua nina miaka thelathini au mitano. Nilimweleza. Akanipa punje moja nitafune, ikanipiga jino mpaka kwenye sikio.

Alisema ananipa kumi na mawili na hanidai unga, maana alihama akamwacha Bibi bila mtu, na jambo hilo lilikuwa linamkaa moyoni. Ila akanionya. Mbegu ikipita mkononi kama barua haina mwenyewe. Lazima nilime mimi, msimu mzima, ndipo niweze kuitoa. Nikamwambia nina wanafunzi wa mtihani. Akanitazama tu kama mtu anayemtazama mbuzi akiongea.

Nikalima. Kila Ijumaa nilitoka Tunduma na vitabu vya kusahihisha, Jumamosi nashika jembe, viganja vikachubuka, na wanafunzi wakaanza kunisema kwamba mwalimu ananuka shamba. Siku ya kupanda nilimletea Bibi kiti ukingoni, nikamwomba apande shimo moja tu kwa mkono wake, kama zamani, ili mbegu iwe yake. Shimo moja, Bibi, punje mbili, nani atajua. Alitikisa kichwa. Alisema ameshadanganya mara moja, na utamu wake ameuona. Kila mara mvua ilipochelewa nilikuwa na hofu mbili, mahindi yafe au yeye afe. Mahindi yalisimama, na yeye pia. Nilijenga kibanda cha nyasi, nikayatundika humo niliyovuna, nikawasha moto wa kuni kila wiki, macho yakawa mekundu kama yake.

Oktoba iliyofuata sikumwita mtu. Niliona haya. Asubuhi moja nikasikia jembe linawekwa mlangoni, nikadhani naota, kwa sababu ndoto hiyo nilikwisha kuiota mara nyingi. Alikuwa ni yeye, ana mtoto mgongoni sasa. Nilimuuliza moja kwa moja, mbegu ya dukani si ameshapanda, si imezaa?

"Imezaa sana, dada," akasema. "Lakini nikizeeka, nitampa nani nini?"

Nikampa kumi na mawili. Hakusema asante, na mimi nikashukuru kwa hilo.

Mwaka ule mahindi yake yalisimama sawasawa. Nilipita kando ya shamba bila mwavuli. Mama mkwe wake, nilisikia, aliwaonyesha watu shamba lile kama amelilima yeye.

Julai mwezi ukaandama, mwembamba, umelala kidogo juu ya mibuni. Msichana akaja jioni na beseni limejaa mpaka limefanya kilima, unga mweupe wa mahindi yaliyoloekwa na kuanikwa vizuri. Bibi alikuwa kwenye mkeka, na mimi nimekaa kizingitini. Kwa mazoea msichana alipiga magoti mbele ya Bibi. Bibi aliutazama ule unga, nikaona koo lake linameza mate. Kisha akaweka viganja vyote viwili kwenye ukingo wa beseni akalisukuma kwangu.

"Si wangu," akasema. "Aliyelima ndiye aliyetoa."

Msichana akanigeukia akiwa amepiga magoti vilevile. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Nilipokea kwa mikono miwili, na ule uzito ulipotulia mapajani nilihisi mvi zinanitoka, nilihisi meno yanalegea, nikajiona nimehama upande kwenye ule ubao, nimesimama pembeni ya kijana. Sikuwa nimefikiria. Miezi yote ile ya jembe na moshi nilidhani ninamrudishia Bibi mtu wake, kumbe kwa kila shimo nililochimba nilikuwa ninamnyang'anya.

Msichana aliondoka. Nikasonga ugali wa ule unga, nikapika na majani ya maboga, nikatenga mbele ya Bibi. Hakunawa. Mikono aliiweka mapajani.

"Sasa mimi sina mtu," akasema. Hakulalamika, alisema tu, kama anayesema mvua imekatika.

Nikamwambia ana mimi.

"Wewe utachoka."

Nilifungua mdomo niape. Nikakumbuka zile Ijumaa nilizobaki Tunduma nikisingizia mitihani, na zile mara ambazo simu ilionyesha anapiga nikaigeuza kifudifudi mezani mpaka ikanyamaza.

"Nitachoka, Bibi," nikasema. "Nimeshachoka mara nyingi, wewe hukujua tu. Nikachoka nikaja."

Alinitazama usoni. Kisha akalivuta bakuli la maji, akanawa.